Kiboko na Wimbo wa Kwendea Nyumbani

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Sema wewe, bibi!

Pakawa pango. Ndani ya pango kitambaa cheupe. Kwenye kitambaa?

— Picha!

Na picha ikiisha?

— Wimbo!

Kumbe leo mmekula mkashiba. Sogeeni basi. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzio.

Hapo kale wanyama walikuwa na sinema yao pangoni, maana mle mlikuwa na giza hata jua likiwa utosini. Mtambo uliendeshwa na Sange, yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu kama mrija. Picha ilikuwa moja tu, "Mto Umerudi". Waliitazama miaka nenda miaka rudi. Walijua nani atalia na nani ataanguka, na bado waliogopa palepale pa kuogopa.

Mwishoni, mto uliokauka ukirudi, zilisikika sauti mbili, ya Kanga na ya shoga yake Kwale:

*Mto, rudi nyumbani,*
*mlango hatujafunga.*

Pango zima likaitika, "Hatujafunga!" Hapo wakasimama, wakakunja mikeka, kunju-kunju-kunju, wakabeba watoto migongoni, wakaenda zao wakiimba. Wimbo ule ndio uliokuwa ukiwafikisha nyumbani. Jamani, hata sasa naukumbuka neno kwa neno.

Kwale akafa. Kanga akazeeka, sauti ikamkauka. Kila picha ilipokwisha, Kanga alibaki nyuma.

"Sange mwanangu, nirudishie kidogo pale anapoingia Kwale."

Sange akarudisha kanda, krrr. Kwale akaingia. Kanga akafumba macho.

Sasa akatokea Kiboko. Kiboko mkubwa wa mto, akataka na pango. Akalikalia, likawa lake. Akatengeneza picha mpya. Steringi, Kiboko. Adui, Kiboko. Bibi harusi? Kiboko huyohuyo, kajitanda shela! Akawaonyesha jamaa zake, wakapiga miayo, aaaah.

"Haina wimbo," wakasema.

"Wimbo upo," akasema Kiboko, akaichukua kanda ya zamani.

Kanga akamfuata, akapiga goti.

"Utumie, baba. Wimbo haukatazwi kuimbwa mara ya pili. Ila useme tu kwamba ni wa Kanga na Kwale."

"Hooo! Jina langu mimi halienei kwenye kitambaa, yenu nitayabandika wapi? Tena nikishaujua vizuri, naifuta kanda, naimba mwenyewe."

"Usifute, baba! Sauti ya Kwale imo humo tu, haimo kwingine."

"Basi itakuwa haimo popote," akasema Kiboko, akaenda kula majani.

Kanga akamwendea Sange, akalia mpaka mabawa yakalowa. Sange akachezesha pua, twi-twi.

"Bibi, huyu Kiboko alipokuwa mdogo, alikuwa akikaa wapi humu?"

"Mbele kabisa, na marehemu mamaye. Wimbo ukianza, hupanda mgongoni. Hawajafika mtoni, keshalala."

"Haya. Kapumzike, bibi."

Siku ya kwanza Sange akamwambia Kiboko, "Bwana mkubwa, asali ya nini kuwekwa mwisho? Weka wimbo mwanzo, walie mapema!"

"Mwanzo!" akanguruma Kiboko.

Wanyama wakajaa. Wimbo ukapigwa. Wakalia. Wakaitika, "Hatujafunga!" Wakasimama, kunju-kunju-kunju, wakaenda zao. Kiboko akabaki na kitambaa chake.

Siku ya pili Sange akasema, "Bwana mkubwa, pengine mwanzo ni mapema mno. Weka katikati."

"Katikati!"

Wanyama wakajaa. Kwenye kitambaa Kiboko akaruka korongo, yuko juu hewani, wimbo ukapigwa. Wakalia. Wakaitika, "Hatujafunga!" Wakasimama, kunju-kunju-kunju, wakaenda zao. Steringi wakamwacha angani, hawajui alitua wapi.

Kiboko akafura. "Kesho ndiyo mwisho! Wakitoka tena, naifuta kanda palepale!"

"Ila si wewe mwenye pango?" akasema Sange. "Weka sheria. Atakayetoka kabla ya picha kwisha, aache humu kila alichokuja nacho."

"Na atawazuia nani?"

"Kuna aliye mpana kuliko wewe? Kaa mlangoni."

Kiboko alipenda kuambiwa mpana. Siku ya tatu akaja na sanduku lake, ndani picha yake na kanda ya wimbo. Akamkabidhi Sange. Akaitangaza sheria kwa kinywa chake mwenyewe, mara tatu, kisha akakaa mlangoni, puu! Hata inzi asingepita. Picha ikaanza.

Wimbo ukapigwa. Wakalia. Wakaitika. Wakasimama, kunju-kunju-kunju. Mlango umezibwa! Wakabaki wima, mikeka kwapani.

Sange akarudisha kanda, krrr. Wimbo ukapigwa tena. Sikio moja la Kiboko likatikisika.

Krrr. Mara ya tatu. Kwale akaingia na ile sauti yake, nyembamba, kama anayeita mtoto aje kula. Mdomo wa Kiboko ukaanza kutetemeka.

"Mama," akasema.

Akainuka. Akatafuta mkeka, hana mkeka. Akalivuta pazia la mlangoni, akalikunja vizuri kama alivyofundishwa, akalitia kwapani. Akashika njia ya mtoni, tipu, tipu, tipu, akiitika peke yake, "Hatujafunga." Fungo, yule mnyama kama paka, alitaka kucheka, wenzake wakamkanyaga mguu.

Asubuhi Kiboko akarudi. "Nipeni kanda yangu."

"Jana nani alitoka kwanza?" akauliza Sange.

"Mimi," akasema Kiboko.

"Na sheria ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

Akageuka aondoke. Hatua mbili, akasimama. Akamuuliza Kanga, polepole, kama si yeye, "Bibi, mtaupiga tena?"

"Kila siku, baba. Mwishoni, mahali pake."

"Na... picha yangu?"

"Hata yako tutaionyesha, na wimbo tutautia. Lakini utasimama kwanza useme ni wa nani."

Kiboko akasimama mbele ya pango zima. "Wimbo huu ni wa Kanga na Kwale. Mimi nimeuazima."

Basi picha ya Kiboko ikatazamwa yote, mpaka mwisho. Si kwa uzuri wake, jamani! Walijua wimbo unakuja. Ulipokuja, wakakunja mikeka wakaenda zao, na Kanga akabaki amefumba macho, Sange akimrudishia pale anapoingia Kwale.

Funzo lake, wajukuu, ni hili: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kitu cha zamani kikishapita, kiacheni kilale. Mkikirudia kitawatia machozi bure, na wageni watawatoka kama walivyomtoka Kiboko. Mmesikia?

— Tumesikia!

Vizuri. Hadithi yangu naikunja hapa. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda atandike yake. Haya, simameni, mama zenu wanawangoja. Mbona mnayatazama machozi yangu? Moshi huo. Hebu nishikeni mkono twende.

*Mto, rudi nyumbani, mlango...*

— Hatujafunga!