Guta la Mtaa wa Mwinuko

Hapo zamani, si za mbali sana, kwa kuwa mashahidi wangali hai, mtaro wa Mwinuko ulizibwa na chupa za plastiki, na kila mvua iliponyesha maji yaliingia majumbani. Halmashauri ikaahidi guta jipya la mizigo, la injini na magurudumu matatu, kwa mtu mmoja, mmoja tu, ambaye kazi yake ingeuzibua mtaro huo.

Nakiete, mpimaji ramani, aliupima mtaa kwa hatua zake. Akaweka vizimba sita vya waya vya kukusanyia chupa, akaandika amri: kizimba kisihamishwe. Mwezi ukapita, vizimba vitupu.

Chausiku, muuza maji, aliona kwamba wateja huja bombani na ndoo tupu. Mchana kweupe, akavikokota vizimba vyote hadi kwenye mabomba. Kesho yake ndoo zilikuja zimejaa chupa za mtaroni. Juma likapita, vizimba vikafurika.

Kondo, msukuma mkokoteni, alielekezwa na ramani ya Nakiete aanzie bondeni, apande na mzigo. Goti likamgomea. Akaigeuza njia: akapanda na mkokoteni mtupu, akajaza akishuka hadi kituo cha kuchakata, kilichokuwa bondeni. Kufikia adhuhuri, vizimba vyote sita vitupu.

Masika yakaja, maji yakapita mtaroni bila kubisha hodi kwa mtu. Watu walicheza mvuani, na mwenyekiti wa mtaa akapoteza kiatu kimoja.

Siku ya kutoa guta, watatu walisimama.

Nakiete alidai kwamba waliobaki walirekebisha tu kazi yake. "Mngehamisha nini, kama nisingeweka?"

"Mdogo wangu," akajibu Chausiku, "ulipoviweka wewe, mbuzi walilala humo."

Watu wakacheka, Nakiete naye akacheka, kisha akauliza kama mvunja amri hutuzwa.

Kondo alisema kwamba bila yeye wangekuwa na milima sita ya chupa. "Na msimu ujao sitaweza kusukuma tena. Nikilikosa guta, kazi yangu imekwisha."

"Mzee wangu, hilo ni tuzo, si dawa," akasema mwenyekiti, ingawa kwa sauti ya chini.

Basi pimeni. Mmoja alibuni mpango ulioshindwa, mmoja aliufanikisha kwa kuuvunja, mmoja aliukamilisha huku akijiokoa mwenyewe. Ufunguo wa guta ungali mkononi mwa mwenyekiti. Nyinyi mngemkabidhi nani?