Nusu Neno Mlangoni mwa Pango

"Neno zima la mgeni, nusu la nduguyo." Mmemsikia shangazi yenu Mwanahawa akilisema, mkacheka, sasa mwaniuliza lilitoka wapi. Haya, kaeni, na wewe Mchanga acha kunitafunia miwa masikioni. Methali hii ilianza hivi.

Zamani za watekaji, watu wa kijiji chetu walikuwa na pango la kujificha. Pembe ikilia, wote hukimbilia humo, na jiwe kubwa likasukumwa mlangoni. Tena jiwe hilo halikufunguliwa kwa jina. Watekaji walikuwa wakiwatesa mateka mpaka wawatajie jamaa zao, kisha huja kuita mlangoni kwa sauti ya huruma. Kijiji cha jirani kilikwisha hivyo.

Bi Mkasi alikuwa na mwana mmoja tu, Shaame. Alimpeleka mjini kusoma angali mdogo, sauti yake nyembamba. Huko mwalimu alimchapa kila alipomeza herufi, mpaka akawa hatoi neno ila na mkia wake. Siku aliyokuwa akirudi, mtu mzima sasa, ndiyo siku pembe ilipolia. Akakuta nyumba tupu, vyungu vingali motoni. Akakumbuka pango.

Mle ndani watu hata kukohoa waliogopa. Mara jiwe likagongwa.

"Mama yangu, mimi ni mwana wako Shaame. Ninakuomba unifungulie."

Bi Mkasi alisimama. Mzee Kombo, mlinzi wa jiwe, akamshika mkono.

"Kaa, dadangu. Nani kwetu asemaye hivyo?"

"Na akiwa ndiye mwanangu?"

"Na asipokuwa? Watazame watoto hawa."

Akawatazama watoto, akakaa. Aliuma upindo wa nguo yake asilie. Wajukuu zangu, mimi sijui adhabu inayoishinda hiyo.

Nje, Shaame aliomba tena, na kwa hofu akazidi kuyapanga maneno, kama aliye mbele ya mwalimu wake. Jiwe halikutikisika. Kisha akasikia minyororo ya watekaji ikilia kondeni. Usomi wote ukamtoka.

"Mamangu we! N'fungulie! Washafika, mamangu, nshakufa!"

Bi Mkasi hakungoja ruhusa. Wala Mzee Kombo hakumzuia. Mzee mwenyewe alikuwa keshaweka bega kwenye jiwe.

"Wetu huyo," alisema.

Wakamvuta ndani, jiwe likarudi mahali pake. Vishindo vikapita juu ya vichwa vyao, vikaenda zake.

Kulipotulia, Shaame akataka kumwamkia mamake kwa adabu ya mjini. "Mama yangu mpenzi, ninafurahi..." Mama akamziba mdomo kwa kiganja.

"Nshakusikia, mwanangu. Hayo mengine kawape wageni."

Basi kesho mkienda shuleni, tamkeni kila herufi, mwalimu afurahi. Lakini mkibisha hodi kwangu, msinitie hofu. Neno zima la mgeni, nusu la nduguyo.