Jina la Njia ya Kijani

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Hadithi yangu haina sungura wala mfalme, na haikutokea zamani za kale. Ina watu watatu waliomfaa mmoja, na huyo mmoja hadi sasa hajui la kufanya. Sikilizeni vizuri, maana hukumu nitawaachia nyinyi.

Palikuwa na binti aitwaye Kathini, mpenda kukwea. Si milima, alikwea ukuta ndani ya nyumba. Katika godauni moja jijini Nairobi walijenga ukuta mrefu wa mbao, wakaupigilia vishikio vya rangi mbalimbali, mtu anafungwa kamba kiunoni na kupanda kama mjusi. Kila rangi ni njia yake. Na pale pana desturi: njia mpya haina jina mpaka apatikane mtu wa kwanza kuimaliza. Huyo ndiye anayeipa jina, nalo huandikwa kwa rangi chini ya ukuta kila mtu alisome.

Sasa, Kathini alikuwa na kisukari tangu utotoni, kile cha kujichoma sindano. Siku moja alikwea hajala vya kutosha, sukari ikamshuka akiwa juu, akalegea na kuning'inia kwenye kamba kama nguo iliyoanikwa. Mwenye ukuta, Bwana Lusweti, akamwita pembeni.

"Binti yangu, mimi sitaki msiba hapa. Jua mwili wako unachoma kalori ngapi huko juu, ule kwa kadiri hiyo. Ukizimia tena, mlango ndio ule."

Kathini alilia njia nzima kurudi nyumbani. Mahali pengine pote alikuwa mgonjwa. Ukutani tu ndipo alipojiona mzima.

Wakajitokeza watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Wanzala, mwalimu wa mazoezi. Alikuwa akikutazama mara moja tu anakutajia uzito wako, hata kama umeuficha kwa koti. Kathini alikuwa akitegemea saa ya mkononi imhesabie kalori. Wanzala akaicheka. "Dada, hii inakupiga chenga. Ukikaza ngumi kwenye kishikio, mkono unakakamaa na saa haisikii mapigo ya moyo." Akampima uzito kwa jicho, akamfunga kipimo cha moyo kifuani, akapata kalori anazochoma kila dakika ya kukwea. Kazi safi. Ila akazizidisha kwa muda wote ambao Kathini alikaa mle ndani. Kathini akala kwa jibu hilo, sukari ikapaa, akashinda na kiu na kichwa kikimgonga.

Wa pili ni Nkirote, mshika kamba wake, anayesimama chini kumzuia asianguke. Huyu hata akifumba macho, viganja vyake vilijua Kathini yuko wapi na anafanya nini. "Muda wote upi?" akamuuliza Wanzala. "Huyu anakwea kidogo, anakaa sana. Anapaka chaki viganjani visiteleze, anangoja zamu, anapiga soga na wewe hapo. Kamba iko mikononi mwangu, mwalimu. Mimi ndiye ninayejua lini anapanda na lini ni porojo." Akatoa muda wa kweli, nao haukufika hata nusu. Hesabu ikashuka. Kathini akala kwa hiyo, akakwea bila taabu. Lakini jioni, yuko nyumbani kabisa, sukari ikamshuka tena, mikono ikaanza kutetemeka na kikombe kikamponyoka.

Wa tatu ni shangazi yake Mbithe, aliyemlea. Kipaji chake kilikuwa kumsoma Kathini usoni: alijua sukari inashuka kabla Kathini mwenyewe hajajua. "Nyinyi mnamhesabu akiwa juu," akawaambia. "Akishuka mnamrudishia nani? Mimi ndiye ninayekaa naye. Mwili wake unaendelea kuchoma hata kazi ikiisha." Akakigawa chakula: viazi vitamu kabla ya kukwea, uji baada ya kushuka. Tangu siku hiyo hakutetemeka tena.

Mwondoe Wanzala, huna cha kuzidisha. Mwondoe Nkirote, unazidisha uongo. Mwondoe Mbithe, hesabu imesimama na binti yuko sakafuni.

Ikawekwa njia mpya ya vishikio vya kijani, ngumu kuliko zote. Wengi walijaribu wakaanguka. Kathini akala viazi vyake, akafungwa kamba, akapanda mpaka akagusa kishikio cha mwisho. Godauni zima likashangilia. Bwana Lusweti akapaza sauti kutoka chini: "Njia yaitwaje?"

Wale watatu walikuwa wameinua nyuso. Na Kathini, furaha imemlewesha, akapiga ukelele: "Kathini!"

Walipiga makofi, sikatai. Nkirote akamshusha taratibu kama kawaida yake, ila hakumkumbatia. Wanzala akasema hongera, akakumbuka ana shughuli. Shangazi akamimina uji. "Kunywa, mama," akamwambia, akampa kikombe bila kumtazama.

Majuto ni mjukuu. Kathini alijichukia. Kila alipoingia mle alilikuta jina lake limeandikwa, naye akageuza uso kama mwizi anayekutana na alichoiba. Mwishowe akamwendea Bwana Lusweti, akamsihi lifutwe.

"Nitafuta mara moja tu," akajibiwa. "Na niletee jina la mtu mmoja. Usinijazie kamati ukutani."

Akawaendea. Wanzala akasema, "Mimi sidai kitu. Lakini bila mimi mngeanzia wapi?" Nkirote akasema, "Hesabu nilikupa, na roho yako niliishika kwa mikono hii." Shangazi akasema, "Waandike wenzangu, mwanangu. Mimi huko siendi kusoma." Kisha akafunika sufuria kwa kishindo, na Kathini akaumia kuliko alivyoumia kwa wale wawili.

Leo jina la zamani limefutwa. Fundi wa rangi amechovya brashi, anangoja. Kathini amesimama mbele yake. Mara ya kwanza aliwasahau watatu kwa furaha, na furaha husamehewa. Safari hii atawaacha wawili akiwa na akili zake timamu, na hao watamsamehe kwa lipi?

Haya, rangi inakauka. Je, wewe ungemtajia fundi jina la nani?