Yowe Lililosambazwa

Zimeni simu. Sikusema mziweke kimya, nimesema zimeni. Na wewe mzee wangu wa kanisa pale dirishani, nakuona, usijifanye unatafuta wimbo, nyimbo ziko kitabuni. Haya. Somo mmelisikia likisomwa, silirudii. Nina kijiji kimoja cha kuwasimulia, na nikipandisha sauti katikati mnivumilie, maana leo nimeamka na hasira na sijaificha.

Kijiji hicho kiko milimani, nchi ya migomba na ukungu. Watu wake ni wazuri tu, wanaimba vizuri kuliko ninyi. Lakini mtandao wa simu hakuna, mpaka upande kilima kimoja juu ya shule. Kwa hiyo kilima kile kila siku kina watu: huyu amekaa kwenye jiwe, yule amesimama kwa mguu mmoja akiinua simu juu, kila mtu anatafuta mtandao. Na juu ya kilima hicho hicho kuna kisima. Mnacheka? Ndiyo, kisima juu ya kilima. Mradi ulikuja na wataalamu wake, wakachimba, maji hayakutoka, wakafunika shimo kwa mbao wakaenda zao. Mbao zikaoza, nyasi zikaota juu yake, watu wakasahau.

Sasa nisikilizeni. Watu wa kijiji kile walikuwa na desturi ya yowe. Ninyi wenye umri wangu mnaijua. Mwenye shida anapiga yowe. Wewe ukilisikia unafanya mambo mawili. La kwanza, unalipokea: unasimama mlangoni kwako unapiga la kwako kuelekea ng'ambo, ili na wa mbali wasikie. La pili, unachukua fimbo na kamba unatoka, hata kama ugali uko motoni. Asiyetoka alitozwa jogoo, na siku akifiwa alichimba kaburi peke yake. Hapakuwa na mjadala.

Halafu zikaja simu, na kijiji kikaanzisha grupu. Waliliita Umoja Wetu. Watu mia mbili na kitu, mwenyekiti yumo, walimu wamo, mwalimu wa kipaimara yumo. Nani hakuwemo? Mama mmoja mjane mwenye kitochi cha kupigia tu. Na mfyatua matofali mmoja wa kule bondeni, ambaye aliwahi kuwemo ila aliondolewa. Kosa lake? Aliuliza mbele ya watu kwa nini ng'ombe wa admini analala kwenye bustani ya shule. Akaondolewa dakika hiyo hiyo.

Mjane yule alikuwa na binti wa miaka kumi na sita, jina lake Sekela. Nawatajia jina lake kwa makusudi, kwa sababu kwenye grupu hakuna aliyelitaja. Kule aliitwa "huyo binti".

Alhamisi alasiri mbuzi wao alikata kamba. Sekela akamfuata. Jioni mbuzi karudi, Sekela hakurudi. Mama akazunguka kwa majirani mpaka giza likaingia, na Ijumaa asubuhi akasimama uani kwake akapiga yowe, mikono kichwani.

Likasikika. Msiniambie halikusikika. Mwalimu mmoja kijana alilisikia, akakimbia. Mnajua alikimbilia wapi? Kilimani, kwenye mtandao! Akaandika: "Yowe kwa Mama Sekela, binti hayupo tangu jana. Sambazeni."

Wakasambaza. Hee, walisambaza hao! Kufika saa nne habari imefika mjini, imefika kwa watu wasiojua kijiji kile kiko wilaya gani. Wote wakaweka vile vimikono viwili vya maombi. Na kila aliyesambaza alijisikia ametimiza, maana si ndivyo walivyofundishwa na baba zao? Ukisikia yowe, lipeleke mbele. Nusu ya desturi waliikumbuka vizuri kabisa. Nusu ya pili, ile ya fimbo na kamba, hiyo ilibaki kwa marehemu.

Mama akapita mlango kwa mlango. Akafika kwa mwenye duka.

"Dada yangu, mwanangu hajarudi."

"Pole jamani, Mama Sekela! Tumeona. Mimi mwenyewe nimeituma kwenye magrupu sita."

"Mungu akubariki. Basi twende tukamtafute huku mtoni, mimi peke yangu siwezi."

"Mama Sekela, si nimekwambia nimeshatuma?"

Nawauliza ninyi mliokaa hapa. Huyu mwenye duka ni mtu mbaya? Si mbaya! Angemnyima chumvi? Asingemnyima. Alikuwa na uhakika kabisa kwamba amesaidia, na hapo ndipo hasira yangu inapopanda, kwa sababu mtu mbaya unaweza kumkemea. Huyu unamwambia nini?

Sasa, grupu halikai kimya. Likishamaliza kuomba, linataka kujua. Mmoja akaandika kwamba Jumanne alimwona binti amesuka nywele mpya, za nini? Mwingine akajibu, "Lisemwalo lipo." Lisemwalo na nani, wakati lilianza dakika mbili zilizopita? Mwingine akatafuta picha, na hakutafuta ile ya sare ya shule, akaweka ile anacheza arusini. "Huyu wa kutafutwa kweli?" Ikaja bodaboda nyekundu ambayo hakuna aliyeiona, ikaja mimba ambayo hakuna aliyeipima. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, wakamwandikia mama ambaye hata kusoma hiyo methali hakuwa na simu ya kuisomea. Admini akaona mjadala umekuwa mrefu, akaanzisha kura. Ndiyo, kura! Bonyeza hapa kama katoroka, bonyeza hapa kama katekwa. Katoroka akashinda kwa kishindo.

Na wasiopenda kuandika wakarekodi sauti. Wamesimama pale kilimani wakizicheza kwa sauti ya juu, maana upepo ni mwingi. Wanasikiliza, wanacheka, wanarekodi za kwao. Hatua hamsini kutoka kwenye kile kisima.

Naona baadhi yenu mmeshaanza kuinamisha vichwa. Subirini, bado.

Jumamosi asubuhi mama akashuka bondeni, miguu imevimba, akapiga yowe huko. Mfyatua matofali alikuwa anakanyaga udongo. Akainua kichwa, akalipokea yowe kwa sauti yake kuelekea ng'ambo, akatoka kwenye udongo na matope yake mpaka magotini.

"Nani amepotea?"

"Sekela wangu. Tangu juzi."

"Juzi! Mbona sijasikia yowe?"

"Liliingia kwenye simu, baba. Halikutoka."

Mwanaume yule hakuuliza amesuka nywele gani. Hakujua habari ya bodaboda, hakujua habari ya mimba, alikuwa ameondolewa kwenye grupu! Aliuliza swali moja tu: "Mbuzi alielekea wapi?" Siku mbili, jamani, watu mia mbili na kitu, na hakuna aliyekuwa amemuuliza mama swali hilo.

Mama akasema mbuzi alirudi na mbigili za kilimani kwenye manyoya. Wakapanda, fimbo na kamba. Juu wakawakuta watu wamejaa. Mmoja akawaambia, na alisema kwa upole kabisa:

"Hapa msijisumbue. Sisi tuko hapa tangu jana, angekuwepo tungemwona."

Mama akawapita. Akaona nyasi zimeinama na ubao umekatika. Akapiga magoti akaita jina mara moja.

Na kutoka chini ikaja sauti: "Mama."

Mguu umevunjika. Alikuwa ameishi kwa maji ya mvua yaliyotuama kule chini, akilowesha ncha ya kitenge na kuifyonza. Mfyatua matofali akafunga kamba kiunoni akashuka, akamfunga binti vizuri, akapaza sauti, "Vuteni!" Mama akashika kamba. Akageuka kutafuta mikono mingine, na mikono yote ilikuwa juu, imeshika simu, inapiga picha. Ikabidi mama awatukane. Tusi lile silisemi madhabahuni, ila lilikuwa halali. Ndipo wawili watatu wakaweka simu mfukoni, wakashika kamba.

Binti kabla hajafika juu, grupu limeshaandika: "Utukufu kwa Bwana, tumempata!" Tumempata! Akina nani?

Wakamlaza kwenye nyasi, watu wamemzunguka. Yule yule mpole akainama, na alikuwa na machozi ya kweli machoni.

"Mwanangu, sisi tulikuwa hapa hapa siku zote. Mbona hukupiga kelele?"

Sekela akamtazama. Midomo imepasuka, sauti imekauka.

"Nilipiga," akasema. "Alhamisi nilipiga mpaka giza. Ijumaa asubuhi mkaja wengi, nikafurahi, nikapiga tena. Mkawa mnacheka. Halafu nikasikia sauti kwenye simu zinanisema mimi. Zinasema nikipatikana nivuliwe nguo nichapwe mbele ya shule iwe fundisho. Moja niliitambua, ni ya mwalimu wetu wa kipaimara."

Akatafuta mkono wa mama yake, akaushika.

"Nikaona bora ninyamaze. Nikamwomba Mungu alete mtu asiye na simu."

Basi.

Mmesikia ombi hilo? Mtoto yuko shimoni, na anaomba asipatikane na sisi. Nasema sisi. Msinitazame hivyo, kana kwamba kijiji kile kiko nchi nyingine. Kijiji kile nimekitunga mimi, jana usiku, nikiwa nimekaa kwenye ngazi za kanisa hili, na sikuhitaji kwenda mbali kutafuta vifaa.

Mnajua kwa nini nilikuwa nimekaa kwenye ngazi? Nitawaambia. Ijumaa mama mmoja wa usharika huu aliniletea habari kwamba mwanawe Ambakisye, miaka kumi na minne, yule wa sauti ya tatu katika kwaya ya vijana, alikwenda kukata kuni na hakurudi. Mama huyo yupo, benchi la pili, mnamwona. Na mimi mchungaji wenu nilifanya nini Ijumaa? Niliandika kwenye grupu letu: "Wapendwa, tuombe." Halafu nikaketi nikanywa chai! Chai na mihogo. Nikahesabu vimikono vya maombi vinavyoingia, vikafika sitini na tatu, na moyo wangu ukatulia kabisa. Mungu anisamehe.

Jana asubuhi aibu ikanishika, nikapiga kengele ya kanisa kwa muda mrefu. Mliisikia. Mmoja wenu aliandika kwenye grupu, "Kuna mtu anajua kengele ni ya nini?" Mwingine akamjibu, "Nadhani ni mazoezi ya kwaya." Wakaja watu wanne. Sita, pamoja na mama na mimi. Tulizunguka korongo la huku chini mpaka jua likazama, na msitu ni mkubwa kuliko watu sita. Na niliporudi nikaketi kwenye ngazi, nikafungua simu, nikakuta mmeshaamua Ambakisye ameonekana mjini na kundi la wahuni. Nani kamwona? Nimeuliza, hakuna aliyejibu. Lakini mtoto huyo kama yuko hai mahali fulani chini ya gogo, anasubiri nini? Anasubiri wenye vimikono?

Mtu asiniambie hakuwa na nafasi. Mnisikilize vizuri: siku ile Mungu hatatuuliza tulituma kwa wangapi. Atatuuliza mtoto alikuwa hatua hamsini, ulikuwa umesimama ukifanya nini.

Nimewangoja leo kwa sababu leo ndiyo siku pekee mnayojaa. Ningewaita nje mngenitumia ujumbe wa kunitia moyo. Sasa nimewapata ndani, na mlango ninao mimi.

Hakuna matangazo. Hakuna wimbo wa mwisho. Baraka nitatoa tukirudi naye, na tusiporudi naye kesho tunatoka tena na baraka itasubiri. Mzee wa kanisa, chukua lile kapu la sadaka, simama mlangoni. Kila anayetoka aweke simu humo, zote, na ya kwangu ndiyo hii, naiweka ya kwanza. Fimbo nimezikata tangu alfajiri, ziko ukutani nje pamoja na kamba. Kwaya, mtoni. Akina baba, korongoni pamoja nami. Akina mama, njia ya kuni, mkiita jina lake, na katikati ya kuita nyamazeni, msikilize.

Mama Ambakisye, inuka, mama. Wewe ndiye unayejua njia aliyopita. Tangulia, sisi tunakufuata.