Zimwi Aliyetupa Maganda

Hadithi inabisha hodi! Itikieni karibu. Kwa nguvu, jamani, au mmeshalala?

Alikuwapo Bi Tunu, mjane, na uani kwake mchungwa wa ajabu: ukichumwa jioni, alfajiri umejaa tena. Zimwi akaja, akala machungwa yote, akatupa maganda uani.

"Zimwi, nimefagia sasa hivi!"

Zimwi akacheka. Bi Tunu akafagia.

Kesho yake akaja, akala, akatupa.

"Zimwi, huna adabu?"

Akacheka. Bi Tunu akafagia, mgongo unamuuma.

Akaja tena, akala, akatupa. Safari hii Bi Tunu akautupa ufagio. "Basi na yakae!" Maganda yakakaa juani mpaka yakakauka.

Zimwi aliporudi akasema, "Nimechoka na machungwa. Leo nakula wewe."

"Ngoja nile kwanza! Sifi na njaa."

Pilau ilikuwa jikoni, na mdalasini umekwisha. Kwa hasira Bi Tunu akaokota maganda makavu, akayatwanga, akayatia chunguni. Harufu ikapanda. Zimwi, udenda unamtoka, akakinyakua chungu, akala mpaka ukoko.

"Umetia nini?"

"Uchafu wako!"

"Nipikie tena!"

"Na ukinila, atapika nani?"

Zimwi akainama, akaanza kuokota maganda.

Tangu hapo Zimwi ndiye mwanika maganda. Akisinzia tu, husikia: "We Zimwi! Kuku hao! Hebu geuza na upande wa pili!"

Hadithi imekwenda zake. Nanyi mliokuwa mkimenya machungwa nikisimulia, okoteni maganda yenu. Mimi sina zimwi.