Gonga Mara Mbili

Kwa! Komeo la mlango.

Sauti moja tu usiku ule, kisha kimya. Mjane mmoja, mshonaji wa sare za shule, aliketi kitandani na mkasi mkononi, akisikiliza nyayo zikiondoka taratibu, kama za mtu aliyekwenda kukagua shamba lake akarudi kulala.

Alizijua nyayo zile. Zilikuwa za kaka mkubwa wa marehemu mumewe. Tangu siku ya kuanua tanga, bwana yule alimwita "mke wetu", na kila wiki alijaribu komeo. Na katika ukoo ule, mwanamke hatamki jina la kaka mkubwa wa mumewe. Akimhitaji humwita "mkubwa". Akitaka kumlalamikia, basi, hamlalamikii. Ndugu zangu, mnauona mtego? Utamshitakije mtu usiyeruhusiwa kumtaja?

Mjane akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alijiandikisha darasa la jujitsu ya Kibrazili, mchezo wa kukabana na kuangushana, kila Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa shule aliyoishonea sare. Mwalimu alikuwa mama mfupi, mnene, mcheshi, aliyewalaza vijana wenye misuli chini kama anayeanika mihogo.

"Mwanangu, ukishikwa usivute," alimwambia, amemkamata kifundo cha mkono. "Kila mkono una mlango. Mlango wake uko hapa, kwenye kidole gumba. Tokea hapo."

Laiti mngemwona! Mikono iliyozoea sindano ilijifunza upesi. Alijifunza kuanguka bila kuumia, kujinasua chini ya mtu mzito, kutumia nyonga pale nguvu za mikono zinapokwisha. Alirudi nyumbani magoti yamechubuka, anapiga mluzi. Wenzake wakamtania, "Fundi, leo umetushona sisi!"

Jambo moja lilimshinda. Darasani kuna sheria: ukikabwa ukaumia, unagonga mkeka kwa kiganja mara mbili, pa, pa, na aliyekukaba anaachia papo hapo. Yeye hakugonga. Siku moja kiwiko chake kilipindwa mpaka machozi yakamtoka, na midomo ameifunga. Mwenzake ndiye aliyeachia, kwa hofu.

"Mbona hukugonga?" mwalimu akauliza.

"Nilidhani kugonga ni kushindwa, mwalimu."

"Nani kakudanganya? Mimi mwenyewe nagonga kila wiki! Asiyegonga ndiye anayevunjika, mwanangu. Anavunjika kimya kimya, na aliyemvunja anakwenda zake kunywa chai."

Jumapili moja jioni shemeji akaingia bila hodi. "Mke wetu, utajifungia mpaka lini?" Akamshika kifundo cha mkono. Mjane hakuvuta. Aligeuza mkono kuelekea kidole gumba, akazungusha nyonga, na bwana yule akajikuta chali juu ya rundo la kaptula za darasa la pili.

Naona mnacheka. Wengine mmeshapiga makofi moyoni. Mnadhani mfano umeisha? Bado. Bwana yule alinyanyuka, akajipangusa nyuzi, akatabasamu.

"Vizuri. Sasa utakwenda kumshitaki nani? Mtaje, nikusikie."

Mjane akafungua kinywa. Jina halikutoka. Hapo ndipo alipokabwa kweli, naye mkabaji hakuwa amemgusa hata kwa kidole.

Ndugu zangu, tumsifu mwanamke huyu. Anastahili. Mikono yake ilifanya yote ambayo mikono inaweza. Lakini kabari ile ya mwisho haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa yetu. Sisi ndio tunaosema funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu hapiti. Anakaa, tena tunampa kiti cha mbele. Ni wangapi wamegonga kando yetu, tukasema ni upepo? Kule darasani mtu akigonga, hakuna anayemuuliza kama amegonga kwa adabu. Wanaachia kwanza. Je, sisi majumbani mwetu? Sisi humu, tuliovaa vizuri tukaimba vizuri? Mwenye kuumia akipata ujasiri wa kugonga, tusiwe mikono inayozidi kukaza. Tuachie. Tumsikilize. Mungu aliyesikia kilio cha watumwa Misri hakuwaambia walie kwa sauti ya chini.

Na mjane? Siku ya tatu aliitisha kikao cha ukoo. Bwana yule mwenyewe alikalia kiti cha mwenyekiti, mkono wake ukiwa umefungwa kitambaa; alisema alianguka na baiskeli. Shangazi, mkubwa wa wanawake pale, akauliza, "Mama, umetuita. Nani anakusumbua?"

Mjane alikuwa ameketi mkekani.

"Ni mtu tu, shangazi."

"Mtu gani? Hana jina?"

"Mkumbuke adabu ya nyumba hii," mwenyekiti akakohoa.

Mjane akamtazama. Akakumbuka kiwiko chake, na chai. Kisha akainama, akaweka kiganja kwenye mkeka, na watu wote mle ndani wakasikia.

Pa. Pa.

"Eliakimu," akasema. "Eliakimu Mbwilo."