Mbegu za Ghala la Jumbe

"Mbegu ikilala kwa mkubwa, njaa hulala kwako." Mmewasikia mama zenu wakiisema sokoni, mkacheka, na sasa mnataka kujua imetoka wapi. Haya, sogeeni. Ilizaliwa hivi.

Huko milimani palikuwa na jumbe aitwaye Mandota. Mtu mwema, tusimsingizie: penye msiba alitangulia kufika, penye mgonjwa alikesha. Ila kila mtu kwake alikuwa mtoto, hata wazee waliomtia jandoni. Mwaka mmoja akasikia kuna watu wamekula mbegu kabla ya mvua. Akaamuru mbegu za kijiji kizima ziletwe ghalani kwake, na ufunguo akae nao yeye.

Bibi mmoja, Bi Somoe, alipeleka zake roho ikimuuma. Yalikuwa mahindi mekundu, urithi wa mama yake, ambayo siku zote aliyaning'iniza juu ya mafiga, moshi uyakinge na fukusi watoboao punje. Nyumbani alikuwa na mjukuu yatima, Tabu, na shibe ya mtoto yule ilikuwa shamba la bibi yake tu.

Kiangazi kilipokolea, Bi Somoe na wenzake wakaenda kwa jumbe.

"Jumbe, ghala lako halina moshi. Turuhusu tuwashe japo kijinga kimoja."

"Moto? Mniunguzie ghala! Somoe mwanangu, nenda kapike. Mimi nipo."

"Mwanao! Mimi niliyekubeba mgongoni ukanikojolea?"

Watu wakaangua kicheko, na jumbe naye akacheka mpaka akafuta machozi. Lakini mlango haukufunguliwa.

Mvua ikaja, ghala likafunguliwa. Bi Somoe akashika hindi lake, likamvunjikia mkononi, vumbi tupu. La jirani vivyo hivyo. Jumbe akaketi chini akalia, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Lakini nani amewahi kupanda machozi yakaota?

Mashamba yakalala bila mbegu, njaa ikaingia, ikamchukua Tabu.

Jumbe alifika matangani na kikapu cha unga kutoka nyumbani kwake. "Nisamehe, mama. Nilitaka kuwalinda."

Bi Somoe hakukigusa kikapu. "Najua ulitupenda, baba. Lakini zamani aliyekula mbegu yake aliomba kwa jirani. Safari hii ningeomba kwa nani, na mbegu zetu sote zilikuwa ghalani mwako?"

Akajifunika kanga usoni, akasema taratibu, kama anayembembeleza mtoto alale:

"Mbegu ikilala kwa mkubwa, njaa hulala kwako."